Kumlaza kichanga asiamke: yaliyonifaa hapa Kampala

Kichanga kusinzia si kazi. Akishanyonya akashiba, kope zinaanguka zenyewe, na akiwa kifuani hata boda ikipita dirishani hashtuki. Kazi iko kwenye zile hatua mbili za kutoka kifuani hadi godoroni. Vifaa vingi wanavyouziwa wazazi wapya vinahangaikia kusinzia, na safari ya kulazwa vinaiacha kama ilivyokuwa. Mimi nilianza na safari hiyo.

Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani walitoa matokeo ya kupima mapigo ya moyo ya watoto wachanga wakiwa wamebebwa, wameshikwa na wanapolazwa. Mtoto anayelia alitulia zaidi alipobebwa na mtu anayetembea kwa dakika 5 kuliko aliposhikwa na mtu aliyekaa tu. Baada ya hapo walishauri mbebaji akae naye dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza. Jambo lililonifungua macho zaidi ni hili: mapigo yalianza kubadilika pale mwili wa mtoto ulipoanza kutengana na wa aliyembeba, kabla hata mgongo haujagusa kitanda. Wengi wetu tunalaumu godoro bure.

Basi ninavyofanya ni hivi. Natembea naye kwa mwendo mmoja, bila kusimamasimama wala kugeuka ghafla, dakika 5 za saa na si za kukisia, maana usiku wa manane dakika 2 huhisi kama 10. Nakaa. Dakika ya 5 nikishafika nauinua mkono wake kidogo na kuuachia: ukianguka kama kitambaa kibichi, usingizi umekolea, ukirudi kifuani kwake au vidole vikikunjika, nakaa tena. Kisha nainama naye hadi kifua changu kifike karibu kabisa na godoro, yeye bado amegusana nami. Makalio yanatangulia, mgongo unafuata, kichwa mwisho. Mkono ulio chini ya kichwa nautoa polepole, na kiganja cha pili kinabaki kifuani pake dakika moja au mbili.

Mbinu hii huharibika mara nyingi kwa sababu ya kitanda kilicho chini mno. Unainama, mgongo unachoka, sentimita 20 za mwisho unamwachia, naye anahisi anaanguka, anarusha mikono na kulia. Godoro likiwa usawa wa kiuno chako, nusu ya shida imeisha, hasa kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji.

Analazwa chali, kila mara, mchana na usiku. Bibi na babu wengi (majajja, kwa Kiganda) wanaogopa kwamba akicheua atapaliwa. Akilala chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi yangelazimika kupanda mlima ndipo yaingie kwenye pumzi. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991 na Marekani mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu huko.

Akishalala ataguna, atakunja uso, atanyonya hewa, macho yatazunguka chini ya kope. Karibu nusu ya usingizi wa kichanga uko hivyo. Ukimnyanyua wakati huo umemwamsha wewe. Mimi nahesabu hadi 60 kwanza. Macho yakiwa bado yamefumba, namwacha. Isipokuwa wiki mbili za mwanzo, kabla hajarudisha uzito wa kuzaliwa: hapo zikipita saa 3 anaamshwa anyonye, hata kama amelala vizuri.

Kwa sauti huhitaji mashine. Redio ya zamani ya kutafuta stesheni kwa kuzungusha kitufe, ukiiweka katikati ya stesheni mbili, inatoa ule mvumo wa shhh sawasawa na mashine ya dukani. Iwe mita 2 kutoka kwa mtoto, na sauti ambayo mnaweza kuongea juu yake bila kupaza. Tumia betri: umeme ukikatika saa nane za usiku, kimya cha ghafla humwamsha kuliko kelele. Ukitumia simu, pakua faili la sauti ya mvua na uzime mtandao kabisa. Video za intaneti zina matangazo, na tangazo likilipuka katikati ya mvua utaanza upya na zile dakika 5.

Mwanga tunao wa bure. Hapa kwetu jua linachomoza na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima, kwa hiyo kumtoa nje kibarazani asubuhi na kuweka nyumba gizani kuanzia saa moja na nusu jioni kunamfundisha mchana na usiku. Usitarajie matunda kabla ya mwezi wa pili au wa tatu. Usiku nabadilisha nepi kwa tochi ndogo iliyofunikwa kitambaa chekundu, bila kuwasha taa ya dari na bila kumsemesha.

Chandarua chenye dawa, kikiwa kipya, kianikwe kivulini saa 24 kwanza. Kivutwe mbali na ngozi yake, kwa sababu mbu humng'ata aliyegusana na neti. Dawa ya mbu ya kuchoma haina nafasi chumbani mwake. Na msimu wa mvua, sigiri ya makaa isiingizwe kamwe chumba cha kulala. Hewa yake ya sumu haina harufu.

Vya kuacha sokoni: mito ya kichanga, vitambaa vinene vya kuzungushia kitanda, na vitanda vya kulaza mtoto kwa mshazari. Kwenye mto au kitanda cha mshazari kichwa kinainamia mbele, kidevu kinagusa kifua, njia ya hewa inabanika. Marekani ilipitisha sheria ya kupiga marufuku vitanda vya mshazari na vile vitambaa vinene mwaka 2022. Ukivikuta kwenye mitumba ya soko la Owino, viache hapohapo hata kama bei ni ya kutupa. Piriton na dawa nyingine za mafua, ambazo watu hunong'onezana eti zinalaza mtoto, zinaweza kumlegeza hadi ashindwe kunyonya na kupumua vizuri. Kichanga anayelala hadi haamkiki kunyonya, au mwenye joto la 37.5 na zaidi, anapelekwa kituo cha afya usiku huohuo.

Kifaa kimoja nisichoweza kukiacha ni kitambaa chepesi cha pamba cha kumfunga mtoto asijishtue, mraba wa mita 1 hivi. Leso iliyochakaa ndiyo bora. Tandaza kama almasi, kunja pembe ya juu sentimita 20, mabega ya mtoto yakae kwenye mkunjo. Mikono kifuani au ubavuni, vuta pembe ya kwanza na kuipachika chini ya mgongo, kisha ya pili. Vidole viwili au vitatu vya mtu mzima vipite kati ya kitambaa na kifua. Chini pawe kama gunia: miguu ikunjike na kupanuka kama ya chura, kwani kuinyoosha na kuifunga kunaweza kuharibu nyonga. Kitambaa kikilegea juu kitapanda usoni, basi kikifumka mara mbili usiku mmoja, badilisha kitambaa. Blanketi la manyoya ni joto mno kwa Kampala. Gusa shingo, usiguse viganja. Ikiwa na jasho, punguza nguo. Huko Kabale kwenye baridi ongeza fulana moja.

Siku unapomwona anajaribu kujigeuza, pengine mwezi wa pili tu, kufunga kumekwisha. Kabla ya siku hiyo, dalili zikianza kunyemelea, toa mkono mmoja nje usiku tatu, kisha wa pili. Kushtuka kutarudi kidogo, na hapo kiganja kifuani kikae dakika 3 badala ya moja au mbili.