Siku moja maishani mwangu: afisa mikopo mbele ya kidato cha tatu, Kigamboni

Saa 11:30 alfajiri. Mimi ni afisa mikopo katika benki moja jijini Dar es Salaam, na muhula huu nimeruhusiwa kutoka ofisini baadhi ya Jumatano kwenda kufundisha elimu ya fedha na maandalizi ya kazi katika shule moja ya sekondari ya kata upande wa Kigamboni. Kuruhusiwa si kupunguziwa kazi, kwa hiyo siku ya shule huanza kwa kuwasha kompyuta mezani nyumbani na kupitia maombi ya mikopo yanayotakiwa kwenye kamati kesho yake, ndipo nichapishe karatasi za somo. Leo ninazo mbili: hati ya mshahara ya mtu wa kubuni, na mkataba wa mkopo nilioutunga kwa kuiga ile inayozunguka mitaani.

Saa 1:00 asubuhi. Tunakutana Magogoni, penye kivuko, mimi, kijana wa TEHAMA, dada wa rasilimali watu na mwenzetu wa masoko. Umati wote wa asubuhi unatoka Kigamboni kuja mjini, na sisi tunakwenda kinyume chake, kwa hiyo nafasi ya kukaa inapatikana. Mwenzetu wa masoko amebeba fulana zenye nembo, bango la kusimamisha na bahasha nene ambayo nimeitambua kabla hajaifungua: ni fomu za akaunti za watoto. Tumebishana njia nzima. Hoja yake ni kwamba benki inalipia muda wetu, na hakuna ubaya mwanafunzi akiondoka na mahali pa kuweka akiba. Hoja yangu ni kwamba akaunti ya mtoto hufunguliwa na mzazi au mlezi, ambaye darasani hayupo, na kwamba mtu aliyekuja kufundisha namna ya kulinganisha bidhaa za fedha hawezi, kipindi kikiisha, kuuza bidhaa moja tu ambayo ni ya kwake. Tumekubaliana kwamba fomu zitabaki kwenye bahasha hadi siku ya kikao cha wazazi, na hata siku hiyo atasimama nje ya ukumbi.

Saa 2:00. Ofisi ya mkuu wa shule, kitabu cha wageni, shikamoo nyingi. Mara ya kwanza tulipokuja mkuu alipendekeza shule nzima ikusanywe uwanjani ili wote wanufaike, na nilielewa kwa nini, kwa sababu wageni wengi wa makampuni huja mara moja, huzungumza kwa kipaza sauti kuhusu umuhimu wa kuweka akiba, hupiga picha na kuondoka. Sisi tuliomba mkondo mmoja wa kidato cha tatu, wanafunzi arobaini hivi, ambao hawajabanwa na mtihani wa taifa, na tukaomba kurudi kwa watu wale wale muhula mzima. Mwalimu wa biashara ndiye aliyelipigania ombi hilo. Yeye hukaa nyuma ya darasa kila kipindi, na tukishaondoka huendeleza pale tulipoachia.

Saa 2:30. Naandika ubaoni: mshahara ghafi, shilingi 800,000. Nauliza mtu huyu, aliyehitimu chuo kikuu na kuajiriwa katika sekta binafsi, anaingiziwa kiasi gani mwisho wa mwezi. Darasa zima linajibu kwa sauti moja, 800,000, isipokuwa mmoja anayesema labda 790,000 kwa sababu ya makato ya benki, jibu lililowachekesha wenzake na kunigusa mimi zaidi ya alivyokusudia.

Tunashuka mstari kwa mstari. Mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ni asilimia 10, yaani 80,000, na mwajiri naye anaweka kiasi kama hicho juu yake. Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu wengi wao wanao wajomba na shangazi wanaofanya kazi viwandani ambao hawajawahi kwenda kuangalia kama mwajiri anapeleka michango hiyo. Zinabaki 720,000 za kukokotolea kodi ya mapato. Shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, 250,000 zinazofuata zinatozwa asilimia 8, na 200,000 za mwisho zinatozwa asilimia 20, hivyo kodi ni 20,000 kujumlisha 40,000. Mstari wa mwisho ndio ulioleta kelele: marejesho ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, shilingi 120,000. Walio wengi waliamini kwamba fedha za Bodi ni msaada wa serikali kwa aliyefaulu. Mvulana mmoja amesimama na kuuliza kama makato hayo yanahesabiwa kabla ya kodi au baada yake, swali ambalo wapo wahitimu wenye kazi wasioweza kulijibu. Mkononi zinabaki 540,000.

Kazi inayofuata ni kuzigawa. Hapa siwafundishi kanuni yoyote ya kugawa kipato kwa asilimia, kwa sababu kanuni hizo zimetungwa kwa ajili ya mtu anayelipa kodi ya nyumba kila mwezi, ilhali Dar es Salaam mwenye nyumba anaweza kutaka ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nimewaacha wajaribu wenyewe. Karibu vikundi vyote vimeanza na mstari wa «mama», kati ya 50,000 na 100,000, kabla ya chakula na nauli. Mwenzetu wa masoko alinong'ona kwamba wafundishwe kujilipa wenyewe kwanza, yaani kutenga akiba kabla ya matumizi mengine yote. Sikukubali. Fedha inayokwenda nyumbani kila mwezi ni wajibu unaojulikana mapema kama kodi ya chumba ilivyo, na bajeti isiyokuwa na mstari huo ni ya uongo, itavunjika mwezi wa kwanza na kumfanya kijana adhani kwamba bajeti ni mambo ya vitabuni.

Saa 4:30. Mapumziko, chai na mihogo ya kukaanga. Chini ya mwarobaini binti mmoja anauza karanga za pakiti, na daftari lake la madeni, lenye majina, tarehe na mstari wa wino kwa aliyelipa, ni safi kuliko kumbukumbu za wafanyabiashara kadhaa waliokuja kuomba mkopo mezani kwangu. Wenzake wanacheza mchezo wa kuchangiana shilingi 500 kila siku ya masomo, na anayepokea hupangwa kwa kura ili asilalamike mtu. Baadhi ya wavulana huendesha bodaboda za kaka zao mwishoni mwa wiki, ingawa umri wa leseni bado. Hawa si watu wasioijua fedha. Wasichokijua ni kile kinachofanyika ndani ya ofisi kama zetu, na kwa maoni yangu hicho ndicho pekee ambacho mfanyakazi wa kampuni anaweza kuwapa na mwalimu wao hawezi.

Saa 5:00. Mkataba wa mkopo. Kila mmoja anaufahamu kwa jina la mtaani, kausha damu, na nilipouliza ni nani ana jirani aliyechukuliwa televisheni au friji, sikuhitaji kuhesabu mikono. Masharti niliyoandika ni haya: unakopa 100,000, unarejesha 4,500 kila siku kwa siku 30. Wamezidisha haraka, 135,000, na kutoa riba ya asilimia 35 kwa mwezi. Nikawaeleza kwamba chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji wa aina hii anatakiwa awe na leseni ya daraja la pili, lile la wakopeshaji wasiopokea amana, na kwamba Benki Kuu imeweka ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani kwa laki moja hiyo ni shilingi 3,500 badala ya 35,000.

Nilitaka kuendelea, lakini binti wa karanga alikuwa bado hajatulia. «Madamu, lakini siku ya kumi na tano si nimesharudisha zaidi ya nusu? Kwa nini nalipa riba ya laki wakati sina laki?» Nimempa chaki. Amechora jedwali lenye deni linaloshuka siku hadi siku, na kwa msaada wa wenzake akafika kwamba kwa wastani mkopaji anashika kama nusu tu ya fedha ile, hivyo riba ya kweli inakaribia mara mbili ya asilimia 35. Ndiyo hesabu tunayoifanya sisi kwa kompyuta, na ndiyo ambayo mkopeshaji wa mtaani huificha nyuma ya rejesho dogo la kila siku. Kipindi kilichobaki kimekwenda kwenye vifungu vingine: kumkabidhi mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri, kusaini karatasi yenye nafasi tupu, na kuruhusu programu ya simu isome orodha ya majina yako. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini, na wanafunzi walikumbuka wenyewe ujumbe uliokuwa ukitumwa kwa ndugu na marafiki kumwaibisha mdaiwa.

Saa 7:00 mchana. Zamu ya dada wa rasilimali watu. Amegawa barua za maombi ya kazi alizozitunga, na kuwataka vijana wawe waajiri: wana dakika kumi za kuchagua barua tatu kati ya kumi na mbili. Wamezitupa kwanza zile zilizokosea jina la nafasi inayoombwa, kisha ile yenye barua pepe ya jina la utani, kisha zile ndefu, na mwishowe wakakiri kwamba nyingine hawakuzisoma kabisa. Amewaambia kwamba hata ofisini mambo huwa hivyo, na wamelielewa somo bila kuhubiriwa. Swali gumu likaja: bila koneksheni, mtu anapata kazi? Dada hakulikwepa. Amesema nafasi nyingi ndogo hujazwa na watu waliotajwa na watu. Akaeleza namna mtu asiye na mjomba ofisini anavyoweza kujulikana kupitia mafunzo kwa vitendo, na namna ya kuomba nafasi za serikali kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Kijana wa TEHAMA akaongezea kwamba yeye alianzia chuo cha ufundi stadi, VETA, kwenye umeme, jambo ambalo liliwaamsha waliokuwa wamesinzia.

Saa 8:15. Baada ya vipindi, kundi linaloendesha kampuni ya sabuni ya maji hubaki nasi. Mbinu hii ya vijana kuunda kampuni ndogo chini ya uangalizi wa watu wa biashara ni kongwe, Junior Achievement iliianza Marekani mwaka 1919, na bado sijaona inayoizidi. Leo mzozo ni bei ya chupa. Mhasibu wao amehesabu dawa na rangi, akasahau chupa tupu na nauli ya Kariakoo. Mkurugenzi anataka bei ya chini ili kuwashinda wauzaji wa mtaani.

Saa 10:30 jioni. Ofisini. Kivuko kilikuwa na foleni, na mafaili ya kamati hayakujisoma. Bosi wangu ameuliza kwa upole kama Jumatano hizi zinaathiri malengo ya robo mwaka. Zinaathiri kidogo, na nimemwambia hivyo.

Saa 2:00 usiku. Fomu ya ripoti ya kujitolea ina kisanduku cha idadi ya vijana waliofikiwa, nami nimejaza arobaini. Mtu wa mawasiliano amenipigia simu kuuliza kama Jumatano ijayo tunaweza kukusanya shule nzima uwanjani, angalau kwa ajili ya picha. Nimemjibu kwamba Jumatano ijayo kampuni ya sabuni inapanga bei, na mhasibu na mkurugenzi bado hawajaelewana.