L28 ndani ya 240Z: kumbukumbu za gereji, Nakuru

Februari

Gari ni Datsun 240Z ya mwaka 1971. Kwa miaka mingi lilikaa kwenye banda la trekta huko Njoro, kuku wakitaga nyuma ya viti. Bodi imeliwa na kutu pale ambapo 240Z zote huliwa: chini ya sahani ya betri, kwenye sakafu, na kwenye reli mbili zinazopita chini ya sakafu hiyo. Mambo ya kuchomelea sitayaeleza kwa kirefu. Bati ni bati, na welda wangu hataki kusimamiwa.

Ninachotaka kuandika ni injini. Iliyokuwemo ni L24, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita 2,393. Bado inazunguka, ila inakula oili na kutoa moshi wa buluu kila ukiachia mafuta. Ningeweza kuifanyia oveholi nikamaliza. Sitaki; nataka kuweka L28, ndugu yake mkubwa, mahali pake, kwa sababu ya mahali ninapoishi.

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa hapa ni kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa, na injini isiyo na tabo (turbo, pampu ya kushindilia hewa) hupumua kile ilichopewa tu. Piga hesabu ya harakaharaka: L24 hapa kwetu inafanya kazi ya injini ya lita 1.9. L28, yenye ujazo wa 2,753, inafanya kazi ya lita 2.2. Yaani hata nikibadilisha, sijafikia kile ambacho gari hili lilipewa kiwandani likiwa usawa wa bahari. Kwa hiyo anayeniambia naharibu gari la kale kwa tamaa ya nguvu, namjibu kwamba narudisha kilichoibwa na mlima, na bado sijarudisha chote.

Vijana wa mtaani wananishauri nitie 1JZ, injini ya Toyota Mark II. Ni injini nzuri, inapatikana, na mafundi wanaijua usingizini. Lakini kuitia humu ni kukata krosmemba (boriti ya chini ya injini), kutafuta gia boksi nyingine, kubadilisha propela, na mwishowe unabaki na Toyota iliyovaa shati la Datsun. L28 ni ndugu wa L24 tumbo moja. Kipenyo cha silinda kimetoka milimita 83 kikawa 86, na mwendo wa pistoni umetoka 73.7 ukawa 79. Ukiitazama kwa nje huoni tofauti. Mauntingi zinaingia, gia boksi inashika, na boneti inafunga.

Halafu kuna Safari Rally. 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, ikashinda tena mwaka 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta na Lofty Drews. Ule wa 1973 haukuwa ushindi wa kawaida. Mehta alimaliza sare ya pointi na Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun pia, akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Gari lenye historia hiyo kwenye matope yetu, mimi siliwekei injini ya ukoo mwingine.

Aprili

Injini imepatikana, na ilitoka kwenye Nissan Patrol (Datsun ilikuwa jina la biashara la Nissan). Wengi hawajui kwamba Patrol za petroli za miaka ya themanini, zile za mfululizo wa 160, zilikuja na L28. Hii ilikuwa kwenye yadi ya vyuma chakavu upande wa Free Area, injini ya dizeli ikiwa imeshaingizwa mahali pake kwenye Patrol zamani. Niliinunua tu baada ya muuzaji kutoa nakala ya logbook ya gari ilikotoka na kuniandikia mkataba wenye namba ya injini. Bila karatasi hizo unanunua kesi.

Fundi wangu ni mzee wa mtaa wa Shabab aliyeanza kushika spana enzi ambazo Safari ilikuwa ya Pasaka. Tulipofungua silinda hedi alishika mnyororo wa taimingi kabla hata sijauliza, akasukuma kabari ya mbao katikati ya pande zake mbili, kuishikilia tenshona, kikaza mnyororo.

“Hii usipoitia, ile tenshona inaruka nje, halafu utafungua kifuniko chote cha mbele ukilia,” akaniambia.

Kabari yenyewe aliichonga kwa kipande cha mkongojo. Ndefu, nyembamba, ina kamba ya kuivutia juu ukimaliza.

Ndani, silinda zilikuwa safi kuliko nilivyoogopa. Hazikuhitaji kutobolewa upya. Zilipigwa jiwe tu, ringi mpya zikaingia, na beringi mpya za krankshafti. Pistoni zina bakuli juu yake, na hapo ndipo mjadala mrefu ulipoanzia.

Hedi ya gari langu ni E31, ile iliyokuja na 240Z za mwanzo. Chemba zake za moto ni ndogo, kama sentimita 42 za ujazo. Nilizipima mwenyewe kwa sirinji ya duka la dawa ya mifugo na oili nyepesi, nikiwa nimefunika chemba kwa kioo chenye tundu. Ukiiweka E31 juu ya pistoni zenye bakuli, kompresheni (kiasi ambacho hewa inabanwa) inatoka kama 8.6 kwa 1 kwa hesabu yangu. Mzee alitaka tusage hedi tuipandishe kompresheni. Hoja yake ina nguvu: hewa ya huku juu ni nyepesi, injini inavumilia kompresheni kubwa bila kugonga, yaani petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda. Lakini kwenye injini za L kemshafti, shafti inayofungua valvu, imekaa juu ya hedi. Ukiisaga hedi unaishusha kemshafti, mnyororo unalegea, taimingi inachelewa, na inabidi uweke shimu (vipande vyembamba vya chuma) chini ya minara ya kemshafti ili kurudisha kimo. Tumekubaliana kusaga kile tu kinachohitajika kunyoosha uso wake.

Jambo moja lisilo na mjadala ni gasketi. Hedi za L za silinda sita zinabadilishana, ila gasketi lazima iwe ya L28. Ya L24 ina matundu ya silinda za 83, na ukiitia kwenye silinda za 86 ukingo wake unachungulia ndani ya moto. Muuzaji mmoja wa spea alikuwa anasisitiza kwamba ni zilezile. Nilimwekea moja juu ya nyingine kwenye kaunta yake, akanyamaza.

Juni

Mvua imepungua, gereji imekauka, na injini imeshuka ndani ya gari.

Vilivyohama kutoka L24 kwenda L28: mabano ya mauntingi, sampu (karai la oili) pamoja na bomba lake la kunyonya oili, flaiwili, klachi nzima, na kabureta mbili za Hitachi za mtindo wa SU. Klachi nzima namaanisha nzima, hadi kola inayobeba rilisi, beringi ya kuachia klachi. Kola za Datsun zina urefu tofauti kulingana na presha pleti, na ukichanganya ya huku na ya kule, klachi ama haiachii ama haishiki, nawe utashusha gia boksi tena. Mzee alizifunga pamoja kwa waya siku ya kwanza zisitengane.

Kitu kinachowasumbua wengi kwenye injini hizi ni shafti ndogo inayozungusha distribyuta na pampu ya oili. Inaingia kutokea chini pamoja na pampu, na meno yake yakikaa pengo moja kando, distribyuta haiwezi kurekebishika hata uizungushe hadi mwisho. Pistoni ya kwanza ikiwa juu kwenye kompresheni, ukichungulia kwa juu, ulimi wa shafti unatakiwa ukae kama saa tano na dakika ishirini na tano, ule upande mwembamba ukielekea mbele. Mzee analala chini na pampu, mimi niko juu na tochi. “Saa ngapi?” anauliza. “Saa tano kamili, mzee.” “Bado.” Anashusha, anazungusha jino, anapandisha.

Valvu tumeziweka injini ikiwa baridi: milimita 0.20 za kuingiza, 0.25 za kutoa. Waya za plagi kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4. Iliwaka.

Kabla ya kuwasha, lakini, kulikuwa na breki. Anayeishi Nakuru anajua mteremko wa Sachangwan kwenda Salgaa, na anajua ni watu wangapi wamefia pale. Sikuwa tayari kuongeza nguvu kwenye gari lenye breki za mwaka 1971. Bahati nzuri, kalipa za Hilux za 4x4 za 1979 hadi 1985, zenye pistoni nne, zinafunga moja kwa moja kwenye strati za mbele za 240Z. Na kama kuna spea isiyokosekana Nakuru ni ya Hilux ya zamani. Dramu za nyuma zimebaki zilezile, na silinda zake mpya.

Agosti

Nimeanza na barabara za Lanet, kisha nikajipa moyo: Salgaa, Sachangwan, hadi Mau Summit.

Kupanda ndiko kunakoonyesha tofauti. L24 ilikuwa inataka gia ya tatu na kelele nyingi nyuma ya kila lori. Hii inavuta kutoka chini, polepole bila kulalamika, unakaa nyuma ya trela la kwenda Malaba ukisubiri mwanya, ukiupata unakanyaga na gari linakwenda. Nguvu za juu hazijaongezeka kama watu wanavyofikiria, na valvu ndogo za E31 zina mchango wao hapo. Kilichoongezeka ni msukumo wa katikati, na huo ndio unaotumika kwenye barabara hii. Joto lilipanda kidogo nyuma ya malori, likashuka mara upepo ulipopatikana; radieta yenye safu ya ziada ilistahili bei yake.

Nilitarajia kabureta ziwe ndio shida. Injini kubwa inataka sindano za kumwaga petroli zaidi, kila mwenye L28 na SU atakuambia hivyo. Ila hewa ya huku inataka kinyume chake, petroli kidogo. Sindano za kiwandani, N-27, zimejikuta katikati ya mabishano hayo mawili, na zinakaa vizuri. Plagi nilizozitoa Mau Summit zilikuwa rangi ya biskuti. Za mjini, baada ya foleni, zilikuwa na weusi, kwa hiyo nimepandisha kidogo nati za chini ya kabureta ili kupunguza petroli, na mlio wa kusimama umetulia.

Yaliyobaki: difu inavuja kwenye sili ya mbele, geji ya oili inadanganya, na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Namba mpya ya injini lazima iingie kwenye rekodi zao na gari likaguliwe, kwa hiyo mkataba wa yadi na nakala ya logbook ya Patrol viko kwenye bahasha, tayari.

Desemba nataka kuteremka nalo Mombasa. Nati zile za kabureta itabidi nizishushe kuongeza petroli kabla ya Mtito Andei, na kule chini ndiko nitakakokutana na lita 2.8 kwa mara ya kwanza.