Kafyu na jarife la ami

Leo nimekuta jarife kuukuu la ami, wavu wake wa kuvulia samaki, likining'inia ukutani, nikakumbuka Julai 2014. Mpeketoni, mji wa huku kwetu Kaunti ya Lamu, Kenya, ilikuwa imeshambuliwa mwezi uliotangulia, watu zaidi ya 60 wakauawa, na Serikali ikatuwekea kafyu Lamu. Ikifika magharibi kila mtu ndani. Na jarife hutegwa usiku! Ami akawa anashinda barazani, mtaani Langoni, akishona nyavu zisizokwenda popote.

Kiongozi mmoja (simtaji) alikuja na boti mbili, akatuambia tuvumilie, akaondoka mapema kabla ya saa ya kafyu. Ami alimsindikiza kwa macho tu, akasema, "Huyu ana pa kulala."

Waliotuvusha ni majirani. Mwenye duka aliandika madeni hadi daftari likajaa, akafungua jingine. Nyumba yenye unga ilichoma mikate ya mofa ya nyumba tatu. Wenye mashua walitoka asubuhi kwa zamu, na kilichopatikana kikagawanywa pale pale gatini. Si kila siku kilitosha. Kuna usiku tuliolalia chai kavu.

Kafyu ilirefushwa tena na tena. Deni la daftari la pili ami alilimaliza mwaka uliofuata.