Usiku nilipomuuliza mdogo wangu neno lenyewe

Ujumbe wa sauti uliingia saa nane usiku. "Kaka, nisamehe. Madeni yangu utayakuta kwenye daftari." Huyu hakuniomba radhi hata aliponivunjia redio. Nikachukua baiskeli, kandambili mguuni, kutoka Chumbageni hadi Ngamiani, huku nampigia simu njia nzima.

Nilimkuta amekalia ndoo, chumba kimefagiliwa. Kule kufagia ndiko kulikonitisha. Si mfagiaji yule.

Nikaanza vibaya. Mkumbuke mama, deni gani lisilolipika, mbona wenzio wanadaiwa na wanacheka. Akazidi kuinama. Mwishowe nikakaa sakafuni nikauliza: "Unataka kujiua?" Niliogopa nitampa wazo. Baadaye muuguzi aliniambia kuuliza hakumpi mtu wazo. Mara nyingi humtua mzigo.

"Ndiyo," akasema, akalia kwa kwikwi.

Kumbe alikwishamwambia mtu wa mbali, wa kwenye simu, hata sura hamjui. Nikaumia: mimi nipo hapa hapa Tanga! "Yule hamjui mama," akanijibu. Nikanyamaza.

Nikamuuliza kama kuna kitu amekiandaa. Akanionyesha. Nikamwamsha jirani, akakifungia kwake bila swali hata moja, na majirani wa pale kwa maswali hawajambo. Nikamchemshia chai ya maziwa. Alikishika kikombe kwa mikono miwili mpaka chai ikafanya utando, hakunywa. Sikumlazimisha. Sikutoka pia, hata kwenda msalani nilimwita anisubiri mlangoni.

Kulipokucha akagoma kwenda hospitali: "Watanipeleka polisi." Hofu yake ilikuwa na mzizi, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Lakini yeye alikuwa hajajaribu, na kumweleza daktari yaliyo moyoni si kosa. Nilirudia hayo mara tatu ndipo akavaa viatu. Tukapanda bajaji hadi hospitali ya Bombo, tukakaa foleni, akaingia kwa daktari peke yake, akakaa huko muda mrefu. Alipotoka aliomba mihogo ya kukaanga.

Daftari tulilifungua wiki iliyofuata. Nimempangia wa kulipwa kwanza, na wawili nimewaendea mwenyewe kuomba muda.

Kliniki anaendelea nayo. Kila usiku saa nne hunitumia neno moja: "Nipo." Akichelewa dakika tano, natafuta kandambili.