Siku Tuliyoziba Matundu

Desemba 1993, shule zimefungwa, Baba alinichukua nikamsaidie kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni, upande wa Kunduchi. Nilikuwa na miaka 12. Kazi yangu ilikuwa kuchekecha mchanga na kubeba karai.

Baba alikuwa fundi terazo, ile sakafu ya saruji na chipsi za marumaru inayosuguliwa hadi ilainike. Ujana wake ulikuta Dar es Salaam inamea majengo ya zege. Alianza kama saidia fundi pale Kivukoni, kwenye Hoteli ya Kilimanjaro iliyofunguliwa 1965. Miaka michache baadaye akamwaga sakafu za hoteli hii tuliyokuwa tunaiendea, kwa hiyo kabla ya kufungua mfuko wa saruji alinipeleka kwanza kwenye ngazi. Akamwaga maji kidogo. Chipsi za marumaru zikaamka: nyeupe, nyeusi, na mojamoja za rangi ya maini. "Mashine ya kusugua haifiki hapa konani, mama. Hapa nimesaga kwa jiwe la mkono." Nilipitisha kidole taratibu. Palikuwa laini kama ndani ya kombe.

Mpaka leo sijaona jengo lililoijua pwani yetu kama lile. Paa la zege, bapa, lilitokeza mbele likafunika roshani, hivyo jua la saa sita halikugusa ukuta. Upande wa bahari kulikuwa na milango ya luva, vile vibao vya mshazari vinavyopitisha upepo. Nyuma, kunakopigwa na jua la jioni, kuanzia kiunoni hadi darini ulikuwa ukuta wa matofali ya matundu, yamepangwa kama kazi ya ukili. Iwe kaskazi au kusi, upepo uliingia kwa luva ukatokea nyuma.

Na hayo matundu ndiyo tuliyoitiwa. Wanafunga viyoyozi, baridi isipotee.

"Bosi," Baba alimwambia msimamizi, "upepo hauingii pasipo na pa kutokea. Umeme ukikatika wageni watakaa wapi?"

"Mzee, wewe ziba tu."

Mwaka uliotangulia tulikuwa tumekaa gizani kwa mgao wa umeme, na kila mtu mjini alijua joto la chumba kisicho na dirisha. Nilidhani Baba atakataa. Hakukataa, ada zetu zilikuwa zinadaiwa. Akaanza safu ya chini, tundu baada ya tundu, akisawazisha kila moja kwa mwiko vizuri kabisa, kama vile kuna atakayekuja kulikagua. Mimi nampa udongo, yeye anaziba. Mistari ya jua sakafuni ikapungua mmoja mmoja, terazo ikaingia kivulini.

Alipofikia tundu la mwisho, pazia la mlango wa baharini, lililopepea tangu asubuhi, likashuka likatulia. Baba aligeuka akalitazama kidogo. Kisha akaniomba maji, akaanza kuosha mwiko.