Age of Empires II: TC ikilala, umeshafungwa

Ukimsikia mchezaji wa Age of Empires II, mchezo wa kompyuta wa kujenga mji na kupigana vita, analalamika kwamba jeshi lake limezidiwa dakika ya 12, usimuulize alitoa askari gani. Muulize TC yake ilikaa bure muda gani kabla ya dakika ya 8. TC ni lile jengo kuu la mji unaloanza nalo, na kazi yake mwanzoni ni moja tu: kutoa wanakijiji mfululizo. Mwanakijiji mmoja ni chakula 50 na sekunde 25. TC ikilala sekunde 25 umepungukiwa mtu mmoja, na pengo lake utalibeba hadi mwisho wa mechi.

Hapa nashika mpango mmoja tu, wa kupanda Enzi ya Ukabaila, enzi ya pili ya mchezo, ukiwa na watu 21 na kumvamia mwenzio kwa skauti wa farasi. Ramani ni Arabia, iliyo wazi, na taifa ni lolote lenye farasi wa kawaida. Dakika ninazotaja ni za saa ya mchezo. Mechi za mtandaoni hukimbia kwa kasi ya 1.7, kwa hiyo saa ya ukutani isikuchanganye.

Unaanza na wanakijiji 3, skauti 1, chakula 200, mbao 200, dhahabu 100 na mawe 200. Kabla ya jambo lolote bonyeza H uchague TC, uagize wanakijiji wanne. Chakula 200 kimeisha hapo hapo, na ndivyo inavyotakiwa. Wanakijiji wawili wajenge nyumba moja, wa tatu ajenge nyingine. Kila nyumba ni mbao 25 na inabeba watu 5.

Skauti azunguke karibu na TC, si kukimbilia kwa adui. Anatafuta kondoo wanne wa kwanza, kisha jozi mbili zilizo mbali kidogo, na akipita hapo aone nguruwe pori wawili na vichaka vya matunda viko upande gani. Kwenda kumchungulia mwenzio huku kondoo wako hujawapata ni uroho tu, tena wanaweza kuibwa.

Watu sita wa kwanza wote wakusanye nyama ya kondoo. Kondoo mmoja ana chakula 100, achinjwe akiwa amegusana na ukuta wa TC, na mmoja mmoja. Mzoga unaoza. Ukichinja watatu kwa pamoja, chakula kinapungua bila kuingia ghalani. Wa 7 hadi wa 10 waende mbao, na wa 7 ajenge kambi ya mbao, nayo ni mbao 100, ikigusana na miti. Kambi iliyoachana na miti kwa hatua mbili haionekani kuwa kosa, lakini kila gogo litatembezwa hatua hizo kwenda na kurudi.

Wa 11 ni wa nguruwe, na hapa ndipo mechi nyingi za wanaojifunza zinapoharibikia. Nguruwe mmoja ana chakula 340, zaidi ya kondoo watatu, lakini mwanakijiji ana uhai 25 tu. Mtume wakati kondoo anayeliwa anakaribia kuisha. Ampige mshale mmoja, wa pili kama mnyama hajashtuka, kisha akimbie moja kwa moja hadi chini ya TC, na wale waliokuwa kwenye kondoo wamgeukie nguruwe wote. Mkimbiaji akiwa mahututi mwingize ndani ya TC, atoke baadaye. Makosa ni yale yale kila siku: kusimama na kuendelea kupiga mishale, kumpiga ukiwa upande wa nyuma hivi kwamba njia ya kurudi inapita mdomoni mwake, au kumtuma mtu, kwenda kuangalia skauti, na kurudi ukikuta maiti. Nguruwe wa pili afuatwe na mwanakijiji mwenye uhai kamili, siyo yule aliyejeruhiwa na wa kwanza.

Wa 12 ajenge nyumba, kisha kinu kikigusana na matunda; yeye na watatu wanaomfuata wabaki hapo. Watano wa mwisho ni wa mbao, na wa kwanza wao ajenge nyumba ya nne. Kufikia hapo mbao ina watu 9, matunda 4, nyama 7. Jumla ni 20, na skauti anakuwa wa 21. Lipia Loom, uboreshaji unaonunuliwa ndani ya TC kwa dhahabu 50, unaoongeza uhai 15 kwa kila mwanakijiji, kisha bonyeza kupanda enzi kwa chakula 500. Sharti la majengo mawili umeshalitimiza kwa kinu na kambi ya mbao, nyumba hazihesabiwi.

Sasa piga hesabu. Wanakijiji 17 wapya mara sekunde 25 ni dakika 7 na sekunde 5. Ongeza 25 za Loom, inakuwa 7:30. Ukibonyeza kwenye 8:20 umelala sekunde 50, yaani wanakijiji wawili.

Kupanda kunachukua sekunde 130. Katika muda huo TC haitoi watu, na huo ndio usingizi pekee unaosameheka. Jenga kambi ya askari kwa mbao 175, na ukifika tu, zizi la farasi kwa mbao 175 nyingine. Rudisha TC kwenye kuzalisha mara moja, nunua Double-Bit Axe, uboreshaji wa kuharakisha ukataji miti, kwa chakula 100 na mbao 50, kisha anza mashamba kwa mbao 60 kila moja. Skauti ni chakula 80 kwa sekunde 30, sawa na 160 kwa dakika. Wanakijiji wanataka 120. Jumla ni 280 kila dakika, na nguruwe wameisha! Asiyeanza mashamba mapema hutoa skauti wawili, kisha zizi na TC vinalala pamoja.

Skauti watatu hadi watano wanatosha. Wapeleke kwa wakata miti wa adui walio mbali na TC yake. Hata usipoua mtu, kila mwanakijiji anayekimbia hakati mti. Ukiona mpiga mkuki ondoka, kwani kwa chakula 35 na mbao 25 tu ana nyongeza kubwa dhidi ya farasi. Adui akijizungushia ukuta, acha kuongeza skauti, jenga kiwanda cha mhunzi kwa mbao 150. Pamoja na zizi, hayo ndiyo majengo mawili yanayotakiwa ili kupanda Enzi ya Ngome, enzi inayofuata, inayodai chakula 800 na dhahabu 200.

Taifa la Wahabeshi hupewa chakula 100 na dhahabu 100 kila wanapopanda enzi, msaada mzuri, ingawa wao wana faida zaidi kwenye upinde kuliko kwenye farasi. Na mpango huu usiupeleke kwenye kampeni, yaani hadithi za mchezaji mmoja zenye sura, hata ile ya Francisco de Almeida, Mreno aliyezishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Huko kila sura ina masharti yake.

Mechi ikiisha fungua rekodi yake, uitazame TC yako peke yake. Pengo likitokea karibu na 1:40, kondoo walichelewa kupatikana au kuchinjwa. Likitokea 4:35, umefika watu 15 bila nyumba ya tatu. Likitokea baada ya dakika ya 5, nenda moja kwa moja ukaangalie nguruwe wa kwanza aliingia lini.