Shelisheli la South Kensington

Shangazi yangu alikuja London kutolewa mtoto wa jicho, na kitambaa kilipofunguliwa akaanza kunisahihisha rangi. Koti langu alilokuwa akiliona jeusi, kumbe la buluu. Kuta za jikoni kwangu, chafu. Siku moja ya mvua, mwaka 2012, nikampeleka Makumbusho ya Historia ya Asilia pale South Kensington. Hakuna kiingilio, na ndani kuna joto.

Nilidhani atashangaa mifupa ya dinosaria. Akaipita kama gari bovu la jirani. Alikonasa ni kwenye chumba cha picha.

"Hili si shelisheli?"

Lilikuwa shelisheli kweli, na majani yake yaliyochanika kama vidole. Lilichorwa Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, mwaka 1769 na Sydney Parkinson, kijana wa Edinburgh aliyeajiriwa na tajiri Joseph Banks kwenye merikebu ya Endeavour, nahodha James Cook. Shangazi akalikagua kama yuko sokoni Chake Chake. "Bado changa. Likikomaa utomvu hugandia juu ya ganda."

Nikamsimulia habari za nzi. Kule Tahiti walikuwa wakila rangi juu ya karatasi kadiri inavyopakwa. Mchoraji akafunikwa chandarua, yeye na meza na kiti chake, wasikome. Ukachanganywa mtego wa lami na molasi. Mwenyeji mmoja akajichotea, akapaka donda lake la makalioni. Shangazi alicheka mpaka mlinzi akageuka.

Picha iliyofuata ilikuwa penseli tupu, isipokuwa ua moja na majani mawili. Nikajitia mwalimu: "Huyu maskini alikufa hajamaliza. Kuhara damu, walipotoka Batavia, Jakarta ya leo. Januari 1771 wakamzika baharini."

"Nani kakwambia hakumaliza?" Akasogea. "Tazama. Jani hili kalipaka mgongo, hili kalipaka tumbo. Ukishajua hayo, mengine ya nini? Kofia hatufanyi hivyohivyo?"

Alishona kofia za viua miaka mingi kabla macho hayajamgomea. Mchoraji wa kofia huweka alama kitambaa kizima, mshonaji huanza kiua kimoja viwili, kisha kazi huhamia nyumba nyingine, kwa mwenye mkono wa hariri. Anayepokea hahitaji kuuliza.

Baadaye nilisoma, nikakuta yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Botany Bay, pwani ya Australia, mwaka 1770, mimea ililetwa kwa wingi na kunyauka upesi. Parkinson alichora michoro 94 kwa siku 14. Ndiyo maana alipaka kipande tu na kuandika rangi zilizobaki nyuma ya karatasi. Wachoraji wengine wakamalizia Uingereza kwa kufuata maandishi hayo. Banks akachongesha sahani 743 za shaba za kuchapia kitabu cha picha hizo, na kitabu chenyewe hakukitoa mpaka anakufa. Hilo mimi sijamsamehe.

Lakini siku ile nilijua jambo la maandishi tu, nikamwambia.

"Nyuma kaandika rangi?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi mwambie yule baba aigeuze."

Yule baba, mlinzi, alikuwa tayari anakuja na kitambaa mkononi, maana pua ya shangazi ilikuwa imeacha alama kwenye kioo.